Bwana Nguruwe wa Barrowfield

Huldah Wadleigh alipanda ngazi za roshani ya nyumba ya mkutano akiwa amenuna, na wala hakujaribu kuficha. Utomvu wa miti ya sukari ulikuwa umeanza kutiririka. Usiku baridi, mchana jua, theluji inalegea chini ya miti: siku kama hizo hazizidi ishirini kwa mwaka, na yeye, badala ya kuwa msituni akichochea moto chini ya masufuria, alikuwa amevalishwa gauni la hariri la rangi ya zabibu aje kumtazama mumewe akichaguliwa.

"Utakaa mbele kabisa, mpenzi," Jaji alimwambia wakati wa kifungua kinywa, "watu waone."

Waone nini, hakusema. Jaji Peleg Wadleigh alikuwa na miaka sitini na mitatu, mtu mkubwa kuliko wote Barrowfield na, kwa maelezo yake mwenyewe, mmoja wa watu watano wakubwa wa New Hampshire nzima. Wale wanne waliobaki alikuwa akiwabadilisha kila alipogombana na mmoja wao.

Historia yake kila mtu mjini aliijua, maana hakuna aliyepewa nafasi ya kutoijua. Ujanani alikula kiapo cha utii kwa mfalme, kwa sauti kubwa. Mambo yalipogeuka akala kiapo cha kumkana mfalme, kwa sauti kubwa zaidi. Mji ukampeleka Philadelphia kwenye Kongamano la mwaka ule wa kujitenga na Uingereza, na jina lake lingekuwepo kwenye karatasi ile kubwa ya kutangaza uhuru kama jino lisingemuuma. Alirudi nyumbani kung'olewa jino, na alipofika akakuta wenzake wameshasaini. Tangu hapo alikuwa ameisimulia habari hiyo mara nyingi kiasi kwamba jino lenyewe lilikaribia kuwa mmoja wa waasisi wa taifa.

Baada ya hapo akakaa kwenye kamati ya kuandika katiba ya jimbo. Ni yeye aliyeandika, kwa mkono wake mwenyewe na kwa hati nzuri, kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa, kisha akamwita Pompey amletee mchanga wa kukaushia wino. Pompey alikuwa mtumwa wake. Siku maneno yale yaliposomwa hadharani, Pompey alisikiliza mpaka mwisho, akakunja blanketi lake, akaenda zake kuwa baharia. Mpaka leo Jaji husema jambo lililomuumiza kuliko yote katika utumishi wake wa umma ni utovu wa shukrani wa Pompey.

Kisha ujaji. Miaka kumi na minne alizunguka wilaya kwa wilaya akiwa juu ya farasi mweupe, na kila alikofika aliwaita wazee wa baraza la mahakama akawahutubia juu ya uhuru, Waroma, na hatari ya watu kujadili wasiyoyajua. Kule Exeter aliwahi kuhutubia kwa saa tatu nzima wakati mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba upawa amesimama kizimbani. Hotuba ilipokwisha yule mtu aliomba ahukumiwe tu aende gerezani akapumzike.

Sasa alitaka Seneti. Rafiki yake wa Baraza la Jimbo alikuwa amemwandikia kwamba mwezi Juni Baraza litachagua mtu wa kwenda Seneti kule Philadelphia, na litamchagua kutoka miongoni mwa wajumbe wake lenyewe; kwa hiyo njoo ukiwa mjumbe wa mji wako, mengine tuachie sisi. Jaji alijiuzulu ujaji Januari. Hotuba yake ya kuaga ilichapishwa na kugawiwa kila nyumba, na Dolly Tasker, jirani na shoga wa Huldah, alitandika yake chini ya pai akasema kweli pai haikugandia chombo.

Kilichobaki ni Barrowfield kumchagua mjumbe, na hilo Jaji alilihesabu limekwisha. Alikuwa ameshaagiza nyumba ya kupanga Philadelphia, yenye ngazi ya mawe. Na ili nyumba hiyo ilipiwe, alikuwa ameshapatana na bwana mmoja wa kutoka pwani ambaye kazi yake ni kukata misitu, kuichoma na kuwauzia majivu yake watengeneza sabuni wa Uingereza. Msitu wenyewe ulikuwa wa Huldah.

Miti ya sukari mia mbili na zaidi. Huldah na mume wake wa kwanza, Amos Sanborn, waliitoboa kila Machi kwa miaka kumi na tisa, wakaning'iniza ndoo, wakachemsha utomvu mpaka ukawa sukari. Amos alipofariki alimwachia yeye shamba na miti. Alipoolewa na Jaji mwezi Novemba, vyote viliingia mikononi mwa Jaji siku hiyohiyo, kwa sheria ambayo Jaji mwenyewe aliisifu katika hotuba mbili.

"Wakinichagua tu, wakataji wataanza wiki ijayo," alimwambia huku akikata soseji.

"Mimi sitaki," Huldah alisema.

Jaji akatikisa kichwa kwa upole, vile alivyokuwa akiutikisia upande wa kesi ambao ameshaamua utashindwa.

Watu walimuuliza Huldah kwa nini alikubali kuolewa naye, na jibu lake lilikuwa fupi. Vuli ile Jaji alikuwa anaumwa koo. Kwa wiki sita hakuweza kutoa hata neno. Alikuja na kukaa jikoni, akatabasamu, akasaidia kumenya tufaha. Huldah alidhani amepata mwanamume mtulivu. Koo lilipopona walikuwa wameshafunga ndoa.

Sasa, Barrowfield ina desturi yake. Nguruwe wa mji hawatakiwi kuzurura bila kongwa la mbao shingoni na pete puani, na wa kuwakamata na kuwavisha anachaguliwa kila Machi, anaitwa bwana nguruwe. Kazi hiyo hupewa wanaume waliooa mwaka ule. Haijaandikwa popote, lakini hakuna bwana harusi aliyewahi kuikwepa. Ndiyo namna ya mji kumwambia hongera. Jumamosi iliyopita Huldah alipeleka sufuria kwa mhunzi likatiwe mpini. Mhunzi ni Jotham Sanborn, mdogo wake Amos, na wakati anasubiri Huldah alisema sentensi moja tu.

"Shemeji, unajua mimi nimeolewa Novemba."

Jotham alipiga nyundo mara mbili, akasimama, akaweka nyundo chini. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

Hesabu ya Huldah ilikuwa rahisi. Jaji akitajwa tu atawaka. Atawatukana, atatoka nje na bakora yake, na hakuna mji unaomchagua aliyeutukana asubuhi. Hasira za mumewe alizifahamu kuliko alivyozifahamu hotuba zake. Ndiyo maana alikaa mbele kabisa ya roshani, kama alivyoagizwa, mikono imeshika ukingo.

Kule chini Shemasi Barzillai Hoit, mwenyekiti wa mkutano, aliwapitisha wakaguzi wa ua na washika mizani. Vijana wawili waliooa mwaka ule walitajwa kuwa mabwana nguruwe, wakazomewa vizuri, wakakubali huku masikio yamewaiva. Jotham akainuka.

"Mwenyekiti, bado mmoja. Namtaja Jaji Peleg Wadleigh. Kaoa Novemba, tumeila harusi wenyewe, hawezi kukataa."

"Naunga mkono!" zilisema sauti kama kumi kwa pamoja.

Jaji alisimama taratibu. Wigi lake, la mwisho lililobaki katika wilaya nzima, lilitetemeka.

"Mwenyekiti, huu ni mzaha."

"Ni mzaha, Mheshimiwa," Shemasi Hoit alisema. "Ila umeungwa mkono."

"Nakataa, basi. Tuendelee."

Karani wa mji, Mzee Enoch Tuck, akakohoa. Ni mzee mfupi aliyekaa nyuma ya daftari la mji tangu ujana wake, na hakuwa na haraka na kitu chochote.

"Hapo pana sheria, Mheshimiwa. Nisome?" Hakungoja jibu. "'Mtu yeyote aliyechaguliwa na mji wake kwa kazi yoyote, ndogo au kubwa, akikataa kula kiapo, hatachaguliwa kwa cheo kingine chochote mpaka mwaka uishe.'"

"Mpuuzi gani aliyeandika hiyo?"

Mzee Tuck akafunua ukurasa, akarekebisha miwani, akasogeza karatasi kwenye dirisha. "Peleg Wadleigh," akasoma, "mwenyekiti wa kamati."

Nyumba ililipuka kwa vicheko. Watu walipiga viti kwa viganja, na mzee mmoja wa nyuma alilazimika kutolewa nje apate hewa. Ni kweli Jaji aliiandika, miaka sita nyuma, kumkomoa daktari mmoja wa Durham aliyekuwa mpinzani wake, na baada ya kumkomoa akaisahau.

Sasa, Huldah alijiambia. Waka sasa.

Jaji hakuwaka. Alisimama pale akitafuna midomo, na Huldah akaona jambo ambalo hakulitarajia: uso ukalainika, kidevu kikapanda, na tabasamu la hotuba likajitokeza.

"Ndugu zangu," Jaji alisema. "Majirani zangu. Roma ilipokuwa hatarini ilikwenda kumtafuta mtu wake nyuma ya jembe. Akaacha jembe, akaokoa taifa, akarudi kulima. Leo Barrowfield imekuja kumtafuta mtu wake mahakamani, nayo haimpi jeshi. Inampa nguruwe." Akanyamaza kidogo, maana alijua pa kunyamazia. "Naipokea kazi hii! Nani mimi niwe mkubwa kuliko mji wangu?"

Wakampigia makofi. Jotham mwenyewe alipiga, kwa aibu, kisha akatazama juu roshani na kufungua mikono kuonyesha kwamba yeye hakujua itakuwa hivi. Jaji alinyanyua mkono wa kulia akala kiapo cha bwana nguruwe kwa sauti ileile aliyomkana nayo mfalme.

"Hebu mwone," Dolly Tasker alinong'ona kando ya Huldah. "Shoga, huyo kashapita. Mchana wanamalizia tu."

"Naona."

"Mbona unalia?"

"Silii," Huldah alisema, akajifuta kwa ukingo wa shali. Alikuwa amemtengenezea mumewe ngazi kwa mikono yake mwenyewe, na sasa mumewe anaipanda. Alijichukia kabisa.

Mkutano ukaahirishwa kwa chakula. Uchaguzi wa mjumbe ungekuwa saa nane. Wanawake walitangulia nje kuandaa chini ya banda la farasi, ambako meza zilikuwa zimepangwa tangu asubuhi: vyungu vya maharage, paja la nguruwe lililokaushwa, na keki kubwa za zabibu za siku ya mkutano. Aliyetangulia ni Dolly, na aliyepiga yowe ni Dolly.

Malkia alikuwa ameshafika.

Malkia ni nguruwe jike wa Jaji. Mji uliomfukuza mfalme wake ulikuwa umevumilia malkia huyu kwa miaka sita. Alikuwa mweusi, mrefu kama benchi, na hakuwahi kuvaa kongwa wala pete maishani mwake. Alichimba viazi vya watu, alibomoa ua wa mchungaji, na mwaka juzi alikula sabuni yote ya Dolly na hakufa. Kila Machi mji ulichagua mabwana nguruwe, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutofika nyumba ya Jaji. Mmoja tu alijaribu. Alifika getini na kongwa lake, Jaji akamsomesha juu ya haki ya mtu kumiliki mali kwa saa moja na nusu, akarudi nyumbani na kongwa lilelile na kichwa kinamuuma.

Sasa Malkia alikuwa amesimama katikati ya meza iliyoanguka, pua ndani ya keki ya Dolly. Wanaume walimiminika kutoka ndani wakapanga duara. Walikuwa na njaa, na chakula chao kilikuwa kinaliwa mbele ya macho yao, lakini bado walikuwa wanacheka. Jotham alikwenda mbio hadi karakana yake kule ng'ambo ya barabara, akarudi na kongwa, pete na koleo.

"Mheshimiwa," alisema, akiinama. "Vifaa vyako vya kazi."

Jaji aliona watu wanacheka, akaona wanamchekea vizuri, akaamua kucheka nao. Alivua wigi akamkabidhi Mzee Tuck, aliyelipokea kwa mikono miwili kama kitoto kichanga. Akasogea na kongwa.

"Malkia," alisema. "Simama."

Malkia akasimama, ili ameze. Jaji alipofika karibu, Malkia alipita katikati ya miguu yake bila hata kuongeza mwendo, na Jaji wa zamani wa Mahakama Kuu akakaa kwenye maharage.

"Msomee sheria, Mheshimiwa!"

"Mhutubie, atalala mwenyewe!"

"Mwambie habari za jino!"

Jaji aliinuka. Alijaribu tena upande wa kulia, akajaribu upande wa kushoto, akaanguka kwenye theluji iliyoyeyuka, na kila alipoanguka watu walimpenda zaidi. Huldah aliliona hilo wazi. Mtu aliyejaa matope ni mtu wa kupigiwa kura. Kisha Jaji, akihema, akamtafuta kwa macho katikati ya wanawake.

"Mke wangu," alisema. "Mwite."

Duara zima likamgeukia Huldah. Walijua kwamba ni yeye anayemlisha Malkia kila asubuhi tangu Novemba, na kwamba akimwita atakuja. Akimwita, Jaji atamvisha kongwa, watu watashangilia, saa nane watamchagua, na wiki ijayo shoka litaingia msituni. Asipomwita, atakuwa mwanamke aliyemfedhehesha mumewe mbele ya mji mzima, na mji ndio huuhuu, hana mwingine.

Alifungua mdomo. Angemwita. Baadaye alikiri hilo kwa Dolly bila kuficha: alikuwa amechoka, alikuwa na aibu, na angemwita. Lakini Dolly, aliyekuwa ameshika kipande kilichobaki cha keki yake, alimwahi.

"Hebu kwanza! Huyu nguruwe ana mwenyewe au hana? Mbona hatajwi?"

"Haki yake," Shemasi Hoit alisema. "Bwana nguruwe, kwa kiapo chako, taja mwenye mnyama, karani amwandike."

Mzee Tuck aliweka wigi kwenye kibao, akalaza daftari la mji juu ya gurudumu la gari, akachovya kalamu. Lilikuwa swali la kawaida. Vijana wawili wale wangelijibu wakiwa usingizini. Mtu anasema "ni wangu, jamani, nisameheni," watu wanacheka, wanaingia ndani kupiga kura. Lakini Jaji alikuwa mwanasheria tangu utosini mpaka kisigino. Huldah alimwona akipiga hesabu: jina lake kwenye daftari, leo, kama mkosaji, mpinzani kule Baraza akilisoma kwa sauti mwezi Juni.

"Nguruwe huyu," Jaji alisema, "si wangu."

Kicheko kilikatika.

"Samahani?" alisema Shemasi.

"Ni wa mke wangu. Alikuja naye."

Miaka sita wamepanda viazi na Malkia amechimba. Huldah alikuwa ameingia nyumba ile miezi minne tu. Watu walianza kutazama viatu vyao. Walikuwa wamemsamehe jino, wamemsamehe viapo vyake viwili na saa zote zile za Waroma, maana mambo yale yalikuwa makubwa na ya mbali. Lakini nguruwe huyu walimjua.

Kama angeishia hapo pengine bado angeokoka. Lakini Jaji Wadleigh hakuweza kuacha sentensi bila kuikamilisha. Ulikuwa ugonjwa wake.

"Andika, karani," alisema, na sauti ya mahakamani ikarudi. "Andika kwamba chochote mke wangu alichokuja nacho katika ndoa hii, kiwe na miguu au kisiwe nayo, ni mali yake yeye, kiko chini ya amri yake yeye, na mimi Peleg Wadleigh sina dai wala lawama juu yake."

Kalamu ya Mzee Tuck ilikwaruza, ikakwaruza, ikakoma.

Huldah alitoka katikati ya wanawake. Akasimama mbele ya daftari.

"Mzee Tuck, umeandika yote?"

"Yote, mama."

"Nisomee."

Akasoma, neno kwa neno, polepole, na alipofika kwenye "kiwe na miguu au kisiwe nayo" Jotham alitoa sauti kama mtu aliyepaliwa na maji. Jaji alikuwa anamtazama mkewe. Huldah aliona wakati hasa alipoelewa, maana mdomo wake ulibaki wazi, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba haukutoka neno.

"Shemasi naye ashuhudie," Huldah alisema.

Shemasi Hoit akaweka sahihi bila kuinua macho.

"Ahsanteni." Akageuka kwa nguruwe. "Suu, suu, suu. Njoo, mama."

Malkia akaacha keki akaja. Huldah alichukua kongwa mikononi mwa mumewe, akalifunga shingoni mwa nguruwe kwa mikono miwili tu, bila haraka, na gauni la zabibu likaingia tope mpaka magotini.

"Kama ni wangu, avae," alisema. "Pete atatiwa na shemeji kesho. Mimi naenda kwenye miti yangu, utomvu unamwagika."

Akaondoka na Malkia nyuma yake. Saa nane wanaume waliingia ndani na njaa zao, wakatia vikaratasi kwenye kofia. Wapiga kura tisini na wanne. Jaji alipata kumi na moja. Walimchagua Jotham, ambaye hakuwa ameomba, na alilalamika sana kwamba nani atawapigilia farasi viatu vya chuma.

Jua lilikuwa bado juu ya miti Jaji alipofika msituni, kwa miguu, wigi limetokeza mfukoni. Huldah alikuwa amejifunga gunia juu ya hariri, anahamisha utomvu kutoka sufuria kubwa kwenda dogo. Mvuke ulijaa kila mahali. Jaji alikaa kwenye gogo.

"Kumi na moja," alisema.

"Nimeambiwa."

"Nitamwandikia rafiki yangu kule Barazani. Nitasema nilijitoa, ili kuutumikia mji katika kazi iliyo duni zaidi. Wapo watakaoliona hilo kuwa jambo kubwa."

"Andika. Na ukimaliza hiyo andika ya pili, kwa yule bwana wa majivu. Mwambie miti si yako. Asipoamini mpe namba ya ukurasa."

Jaji alikwangua tope kwenye kiatu. "Tamko lile halina nguvu mbele ya mahakama, Huldah. Ningeweza kulitengua kwa dakika kumi."

"Litengue basi. Nenda usimame mbele ya Mzee Tuck, useme nguruwe alikuwa wako."

Utomvu ulichemka ukapanda, na Huldah akaudondoshea kipande kidogo cha mafuta ya nguruwe, ukatulia.

"Ungeweza kumwita tangu mwanzo," Jaji alisema.

"Ningeweza."

"Na yule mhunzi. Hilo halikutoka kichwani mwake."

"Lilitoka kwangu."

Jaji alimgeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia kweli, si wa hotuba. "Kwa nini? Kama hukutaka kwenda Philadelphia si ungesema tu!"

Huldah aliweka upawa chini.

"Nilisema. Desemba nilisema. Nikasema siku uliyojiuzulu, nikasema jana, nikasema leo asubuhi na soseji mdomoni mwako. Miaka kumi na minne umelipwa kusikiliza watu, Peleg. Ile ya Desemba ulisinzia."

Jaji alifungua mdomo. Alikuwa na majibu mengi, lilionekana hilo. Yalimjia moja baada ya jingine usoni, na moja baada ya jingine akayaacha. Moto ulianza kufifia chini ya sufuria kubwa.

"Sasa unataka nini?" akauliza mwishowe. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza, na aliuliza kama mtu anayetumia chombo asichokijua.

"Kuni," alisema Huldah.

Mwandishi wa katiba akainuka, akapotea nyuma ya miti. Alikaa muda mrefu. Alirudi amekumbatia mzigo mkubwa, anahema, amejichana shavu, ameridhika na nafsi yake kupita kiasi, akautua mbele ya mkewe.

Huldah alishika kijiti kimoja akakikunja. Hakikukatika.

"Mbichi," alisema. "Zote. Rudisha ulete kavu."

Naye akazikusanya moja moja, akazirudisha.